Maswali Yenu: Hedifoni za Bei Ghali, Mnalipia Nini Hasa?

Barua za toleo hili zimeelemea upande mmoja: hedifoni za bei ya juu. Tumechukua zile zinazogusa wengi na kuyafupisha maswali. Bei za dola ni zile ambazo watengenezaji walizitangaza Marekani. Dukani Nairobi kila muuzaji ana yake, kwa hiyo kwa hesabu za haraka tumechukua dola moja kuwa shilingi 130.

SWALI: Nimeweka akiba ya shilingi 200,000. Nasita kati ya Sennheiser HD 650, HiFiMan Sundara na Focal Clear Mg. Nasikiliza nyumbani usiku, hasa rumba, benga na taarab. Je, Focal ya dola 1,499 ina sauti nzuri mara tatu kuliko HD 650 ya takriban dola 500? (Msomaji, Kilimani)

JIBU: Hapana. Hata ungeuliza mara moja na nusu, tungesita. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za aina na bei mbalimbali. Alilinganisha bei na mwitikio wa masafa, yaani jinsi kifaa kinavyogawa nguvu kati ya besi, sauti za kati na sauti za juu, na hakupata uhusiano kati ya viwili hivyo. Si kwamba hedifoni zote ni sawa. Ni kwamba kibandiko cha bei hakikuelekezi zilipo nzuri.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Dola 1,499 ni karibu shilingi 195,000 kabla ya usafiri na kodi. Ukiongeza VAT ya asilimia 16 peke yake tayari umepita laki mbili na ishirini. Bajeti yako haifiki, labda upate iliyotumika.

Sasa tuzungumzie sauti. HD 650 iliingia sokoni mwaka 2003 na bado inatengenezwa. Nguvu yake iko katika sauti za kati: mwimbaji wa taarab na fidla nyuma yake husikika kama walivyo, bila ukali. Udhaifu wake ni besi ya chini kabisa. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na hapo HD 650 imeshaanza kulegea. Utasikia noti kwa sababu mtetemo wake wa pili, wa hezi 82, upo, lakini uzito wa chini unapungua. Kwa benga, ambako gitaa la besi linatembea mbele na si la kusindikiza tu, utagundua.

Sundara hutumia kiwambo (utando unaotetemeka kutoa sauti) bapa chenye nyaya nyembamba zilizotandazwa juu yake, katikati ya sumaku. Besi yake inakwenda chini zaidi bila kuvimba. Ilitoka mwaka 2018 kwa dola 499, kisha ikashushwa hadi karibu dola 299, ikiwa bado na jina lile lile. (Huo peke yake ni ushahidi wa kiasi gani bei hufuata soko kuliko sauti.) Kasoro yake ni kwamba sauti za juu zina makali. Katika sebene, pale matoazi yanapogongwa mfululizo, wengine hufurahia na wengine huchoka baada ya nusu saa. Sauti za kati nazo zinarudi nyuma kidogo, mwimbaji akionekana kusimama hatua moja mbali.

Clear Mg ina kuba la magneziamu, na kinachowavutia watu ni mpigo: ngoma ikigongwa inagonga kweli, na tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa haifinywi. Hilo ni la kweli na linasikika. Unalipia pia mfuko mgumu, nyaya mbili na mwili wa kifahari. Uzito ni gramu 450, dhidi ya 260 za HD 650 na 372 za Sundara. Kwa msikilizaji wa saa tatu usiku, shingo nayo ina kura.

Usinunue kabla ya kulinganisha kwa haki, na haki huanza na kiwango cha sauti. Hedifoni inayolia kwa desibeli moja au mbili zaidi itaonekana "safi", "pana" na "yenye besi" hata kama ni mbaya. Muuzaji yeyote mzoefu analijua hilo. Fanya hivi:

Kata kipande cha katoni ngumu, ukubwa wa sahani ndogo. Toboa tundu katikati linalotosha maikrofoni ya simu, iliyo chini karibu na tundu la chaja. Weka programu ya kupima desibeli kwenye simu hiyo. Simu au kompyuta nyingine icheze kelele ya pinki, ile sauti ya mfululizo kama mvua nzito ya mabati. Inapatikana bure mtandaoni. Bandika kikombe cha hedifoni juu ya katoni, tundu likiwa katikati, ukandamize sawasawa pande zote. Soma namba. Badilisha hedifoni, rekebisha sauti hadi namba irudi pale pale, kisha uandike kiwango cha kila moja. Usijali kama programu haisemi desibeli za kweli. Unachotafuta ni ulingano, si usahihi. Pima kila moja mara tatu, kwa sababu kikombe kikikaa vibaya namba inaruka. Njia hii itakufikisha ndani ya desibeli moja hivi, na hiyo yatosha kuondoa ulaghai mkubwa.

Baada ya hapo chagua rekodi tatu unazozijua kwa moyo. Tunashauri moja iwe ya sauti ya mtu akizungumza, mfano taarifa ya habari ya redio: herufi "s" na "sh" ndizo zinazofichua hedifoni yenye kilele kati ya hezi 6,000 na 9,000. Zikikuchoma kwenye habari, zitakuchoma kila mahali. Ya pili iwe benga yenye besi inayotembea, na ya tatu taarab yenye kanuni, udi na fidla pamoja, ili uone kama unaweza kukifuata chombo kimoja bila vingine kukivuruga. Sikiliza kila hedifoni dakika kumi, si sekunde ishirini. Sekunde ishirini humpa ushindi yule mwenye sauti kali za juu.

Uamuzi wetu kwako: HD 650 kama mwimbaji ndiye anayekukalisha kitini, Sundara kama ni besi na magitaa. Toleo la HD 6XX lililouzwa na duka la mtandaoni la Drop kwa takriban dola 200 limetokana na HD 650 hiyo hiyo. Likikupitia kwa bei nzuri, chukua. Upungufu wa besi rekebisha kwa ikwalaiza, yaani programu ya kuinua au kushusha sehemu moja ya sauti: Equalizer APO kwenye Windows, au Wavelet kwenye Android, zote hazina malipo ya kuanzia. Inua kila kitu kilicho chini ya hezi 80 kwa desibeli 4, lakini kwanza shusha sauti ya jumla kwa desibeli 4 hizo hizo, la sivyo vilele vya mawimbi vitakatwa na utasikia mikwaruzo kwenye ngoma. Ukitaka kuinua zaidi ya hapo, Sundara itastahimili vizuri kuliko HD 650, ambayo huanza kuchafua besi ikisukumwa.

Neno moja la mwisho: zote tatu ni za wazi, vikombe vina matundu nyuma. Aliyelala kando yako atasikia kila kitu.

SWALI: Nilinunua hedifoni za omu 300. Kwenye simu sauti ni ndogo. Dukani wameniambia bila amplifaya ya shilingi 60,000 nimepoteza pesa. Ni kweli? (Msomaji, Rongai)

JIBU: Si kweli, na omu peke yake haikuambii chochote. Unahitaji namba mbili: ukinzani (ndizo hizo omu) na usikivu, yaani desibeli ngapi hedifoni inatoa kwa volti moja au miliwati moja. Chukua desibeli 110 kama kilele cha juu kabisa ambacho muziki utawahi kugusa (si cha kusikiliza kwa muda, ni akiba ya milipuko mifupi). Tazama hedifoni nne:

HD 650 ina omu 300 na hutoa desibeli 103 kwa volti 1. Kufika 110 inataka volti 2.2, ambazo ni miliwati 17 tu.

Sundara ina omu 37 na desibeli 94 kwa miliwati 1. Inataka miliwati 40, yaani volti 1.2.

Audeze LCD-X, ya dola 1,199, ina omu 20 na desibeli 103 kwa miliwati 1. Inataka miliwati 5, volti 0.3. Simu yoyote inaiendesha.

HiFiMan Susvara, ya dola 6,000, ina omu 60 na desibeli 83 tu kwa miliwati 1. Inataka nusu wati nzima, volti 5.5. Hii ndiyo inayohitaji amplifaya ya kweli.

Umeona? Ya omu 20 ni rahisi, ya omu 60 ni ngumu kupita kiasi, na yako ya 300, ikiwa inafanana na HD 650, iko katikati. Haina njaa ya nguvu, inataka volti. Adapta ndogo ya Apple ya USB-C, ile ya dola 9, toleo la Marekani hutoa volti 1, na kwa HD 650 hiyo ni desibeli 103. Kwa muziki wa kisasa uliorekodiwa kwa sauti ya juu inatosha na kusaza. Toleo la Ulaya hutoa nusu volti, yaani desibeli 6 pungufu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Angalia namba ya modeli kabla ya kulipa.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: adapta hiyo ikichomekwa kwenye simu nyingi za Android huanza na sauti iliyobanwa ndani ya adapta yenyewe, na kitufe cha simu hakiifikii. Sauti inakuwa hafifu, mtu analaumu hedifoni. Ichomeke kwenye kompyuta au iPhone usikilize. Ikilia vizuri huko, tatizo ni simu. Programu ya muziki inayoendesha USB moja kwa moja, kama USB Audio Player PRO, hulitatua, au nunua adapta ya kampuni nyingine yenye volti 2.

Ukiona bado unataka amplifaya, tafuta yenye angalau volti 4 kwenye omu 300 na ukinzani wa upande wa kutoa sauti usiozidi omu 4 au 5, ili ifae hata hedifoni ya omu 37. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Sababu ni hii: ukinzani wa HD 650 haukai 300 tu, hupanda hadi karibu 500 kwenye eneo la hezi 100. Ukiichomeka kwenye amplifaya ya zamani yenye omu 120, besi inapanda kwa desibeli moja hivi ikilinganishwa na sauti za kati. Wapo wanaoipenda ladha hiyo, hasa wenye amplifaya za valvu, na hatuwalaumu. Lakini wasiseme amplifaya "imefungua" hedifoni, imeongeza besi. Sundara ukinzani wake haupandi wala kushuka, kwa hiyo kwenye mashine hiyo hiyo itapunguza sauti tu bila kubadilika ladha.

Amplifaya ya elfu kumi na tano yenye sifa hizo na ya elfu sitini, zikilinganishwa kwa volti sawa, ni wachache sana watakaozitambua.

SWALI: Kila siku niko kwenye matatu kutoka Kayole hadi mjini na kurudi. Nichague Sony WH-1000XM5, Bose QuietComfort Ultra, AirPods Max au Sennheiser Momentum 4? (Msomaji, Kayole)

JIBU: Dada, kwa safari hiyo sahau kwanza ubora wa sauti na uangalie kufuta kelele. Teknolojia hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kwenye masafa ya chini ya hezi 1,000: mngurumo wa injini ya dizeli, tairi, upepo wa mbali. Honi, filimbi na kondakta anayeita abiria vitapungua kwa sababu ya mito iliyoziba masikio, si kwa umeme. Na ukipanda nganya yenye wufa nne chini ya viti, hakuna hedifoni ya kufuta kelele itakayoshinda. Besi hiyo unaisikia kwa mifupa.

Kwa kuzima kelele, Bose ndiyo tungeitaja kwanza, Sony nyuma yake kwa pua, na AirPods Max haiko mbali. Momentum 4 imeachwa kidogo hapo, lakini betri yake ni saa 60, dhidi ya 30 za Sony, 24 za Bose na 20 za Apple. Kwa mtaa ambako stima hupotea, saa 60 si takwimu ya kujivunia tu.

Bei zilipotoka: Sony dola 399, Bose dola 429, Apple dola 549, Sennheiser karibu dola 350. Ile ya Apple ina gramu 385, Sony 250. Bose hukunjwa ndogo. Sony XM5 na Apple hazikunjwi kwa ndani, zinageuza vikombe tu, kwa hiyo zinakula nafasi kwenye mkoba. Sony XM4 ya zamani inakunjwa, ina kufuta kelele kwa kiwango cha karibu na XM5, na kwa kuwa imepitwa na wakati dukani inashuka bei. Kwa pesa yako mwenyewe, hiyo ndiyo tungeitafuta kwanza.

Usikubali kuuziwa LDAC kama sababu kuu. Ni njia ya Sony ya kupitisha muziki kwa Bluetooth kwa hadi kilobiti 990 kwa sekunde. Katikati ya jiji, steji ikiwa imejaa simu na redio za kila aina, hushuka hadi 330 au hukatikakatika. Na kama simu yako ni iPhone, haina LDAC kabisa. Itatumia AAC, njia nyingine ya namna hiyo, na zote nne hizi.

Kwa sauti yenyewe Sony XM5 huja na besi iliyovimba inayomfunika mwimbaji; fungua programu yake na ushushe kitelezi cha besi mpaka maneno ya wimbo yasikike wazi. AirPods Max haikupi ikwalaiza ya namna hiyo, ila ina mlingano mzuri inapotoka boksini. Ikiishiwa betri haicheki na mtu: hata kwa waya wa 3.5 mm haitoi sauti. Sony inacheza kwa waya betri ikiwa imekufa, ingawa sauti inafifia.

Ukiivaa AirPods Max kando ya dirisha lililo wazi kwenye foleni ya Jogoo Road, ushauri wetu hauhusu tena sauti.

SWALI: Nimeonyeshwa Sony XM5 "orijino" kwa shilingi 9,500 Luthuli Avenue. Nitajuaje kama ni feki? (Mwanafunzi, Juja)

JIBU: Kwa bei hiyo, ikiwa mpya, hata usipoteze nauli. Lakini mbinu za kupima zitakufaa hata kwa ya elfu 35.

Enda na simu ya Android. Kabla hujatoka nyumbani fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara saba hadi uambiwe umekuwa msanidi programu. Dukani, unganisha hedifoni kwa Bluetooth, rudi kwenye Chaguo za wasanidi programu na utazame kodeki ya sauti ya Bluetooth. XM5 halisi huonyesha LDAC ukiiruhusu kwenye mipangilio ya hedifoni hiyo. Feki nyingi huishia njia za kawaida za SBC na AAC. Kisha fungua programu rasmi ya Sony: ya kweli hutambuliwa kwa jina, huonyesha betri, toleo la programu ya ndani na vitelezi vya kufuta kelele vinavyobadilisha kitu masikioni. Feki nyingi hujiita jina sahihi kwenye Bluetooth lakini programu hiyo haiioni.

Jaribu kufuta kelele karibu na jenereta au feni. Iwashe na kuizima. Kama tofauti ni mvumo mdogo tu unaoongezeka masikioni huku feni ikiendelea kuvuma vile vile, ni feki. Hii ndiyo sehemu inayowashinda wengi wa wanaoghushi, maana inahitaji maikrofoni kadhaa na hesabu za kweli ndani ya chipu.

Kwa AirPods Max usidanganywe na kile kidirisha kinachojitokeza kwenye iPhone. Feki nazo hukitoa. Namba ya kifaa (serial number) nayo hunakiliwa kutoka kwa halisi, kwa hiyo kuipata kwenye tovuti ya Apple hakuthibitishi kitu. Mizani ya jikoni inasema zaidi: 385, kosa lisizidi gramu chache. Omba uipime. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu.

Dai risiti yenye jina la duka na namba ya kifaa, na waranti iandikwe juu yake, si ya mdomo. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha umelipa, hauonyeshi ulichonunua.

SWALI: Ndugu yangu yuko Marekani na atanitumia amplifaya ya hedifoni. Niangalie nini? (Msomaji, South B)

JIBU: Volti. Huko umeme ni 120, hapa ni 240. Tazama maandishi kwenye adapta yake. Ikisema 100–240V, badilisha pini tu utumie ya miguu mitatu ya mraba. Ikisema 120V peke yake, na ni nzito kama jiwe, ndani kuna transfoma; ukiichomeka hapa itaungua ndani ya dakika chache na inaweza kuondoka na amplifaya yenyewe. Amplifaya nyingi ndogo za mezani za Marekani huja na transfoma za namna hiyo zinazotoa mkondo geu, AC, wa volti 14 hadi 16. Mafundi wa mtaani huzoea adapta za DC, kwa hiyo fundi akikupa "ya volti sawa" kutoka kwenye sanduku lake, hakikisha neno AC liko upande wa kutoa pia. Njia safi ni ndugu yako aagize toleo la volti 230, linalofaa kwa 240 yetu, tangu mwanzo.

Kuhusu kodi: VAT ya asilimia 16 haitozwi kwenye bei ya kifaa pekee. Hutozwa kwenye jumla ya bei, usafiri, bima na ushuru wa forodha. Kifaa cha dola 200 chenye usafiri wa dola 60 huanza kuhesabiwa kutoka 260. Mwambie aambatanishe ankara halisi. Mzigo usio na ankara hukadiriwa, na makadirio hayo ni nadra kukupendelea.

SWALI: Je, waya wa fedha wa dola 300 utaboresha hedifoni zangu? Nauliza pia kuhusu waya wa "balanced" (kila upande una nyaya zake mbili) wa pini ya 4.4 mm. (Msomaji, Westlands)

JIBU: Wa fedha, hapana. Wa 4.4 mm utasikika tofauti kwa sababu amplifaya nyingi hutoa volti mara mbili kwenye tundu hilo, ambazo ni desibeli 6 zaidi. Rudisha sauti ziwe sawa kwa ile katoni yetu, halafu usikilize tena. Kama amplifaya yako haikufikishi kwenye sauti unayoitaka kwa tundu la kawaida, waya huo una kazi. Kama inakufikisha, nunua mito mipya.

SWALI: Hedifoni zangu za Sennheiser HD 600 zina miaka minne. Zamani sauti ilikuwa laini, sasa inachoma, na upande wa kushoto kuna mkwaruzo besi ikipiga. Fundi anasema spika imekufa. (Msomaji, Buruburu)

JIBU: Usimpe pesa bado. Yawezekana una matatizo mawili tofauti, na yote mawili ni ya bei rahisi.

Ukali unatokana na mito. Sponji ikilala, sikio linasogea karibu na kiwambo na mlingano unabadilika: besi inapungua, sauti za juu kidogo ya katikati zinajitokeza. Bonyeza mto kwa kidole. Kama haurudi juu, au sikio lako linagusa kitambaa cha ndani, umekwisha. Kwa mtumiaji wa kila siku mwaka mmoja na nusu hadi miwili ndio umri wake. Nunua mito ya Sennheiser yenyewe. Ile ya bei rahisi ya ngozi bandia inatoshea vizuri lakini inabadilisha sauti kabisa, kwa kuwa unene wa sponji na upitishaji hewa ni sehemu ya muundo wa hedifoni, si urembo. Kama unavaa miwani, mkono mnene wa miwani huufinya mto mahali pamoja na kuuua mapema.

Mkwaruzo mara nyingi ni unywele. Kweli, unywele mmoja uliopenya ukagusa kiwambo unatosha kukwaruza kila besi inaposukuma. Chomoa waya kwanza. Vuta mto taratibu kuanzia ukingoni. Umeshikwa kwa vishikizo vidogo vya plastiki, hakuna gundi. Chini yake kuna duara la sponji nyembamba. Litoe na ulikung'ute, au uliloweshe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, lisuuzwe na kukauka kabisa kivulini. Sasa utaona wavu wa chuma. Tumia taa ya simu kwa mlalo, unywele utang'aa. Uondoe kwa kibano cha nyusi au kwa utepe wa gundi uliogusishwa kwa wepesi. Usipulize kwa kompresa ya gereji wala kwa mdomo: hewa ya nguvu hukunja kiwambo na mate huacha unyevu. Usichomeke pini kwenye matundu.

Rudisha, kisha cheza sauti tupu inayopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 200, kiwango cha wastani. Mkwaruzo ukiwa bado upo, badilishana nyaya za kushoto na kulia pale zinapoingia kwenye vikombe. Kwenye HD 600 zinachomoka. Ukihamia kulia, ni waya au amplifaya. Ukibaki kushoto, hapo ndipo fundi alikuwa sahihi, na hata hivyo huna haja ya hedifoni mpya: kiwambo na sumaku yake huuzwa kama kipuri kimoja kinachochomekwa mahali pake bila kulehemu.